Kiti Kilichosogea

Sikukisogeza kwa hekima.
Dari ilikuwa inavuja.
Jirani wa ghorofa ya sita aliacha mfereji wazi
usiku ule maji yaliporudi baada ya siku nne,
na tone likachagua kiti changu,
tena mahali pa kichwa.

Nikakivuta hadi kando ya dirisha
ambalo halikuwahi kunifaa kwa lolote:
huku Pipeline dirisha hutazama dirisha,
naijua suruali ya kila mpangaji wa ng'ambo.
Lakini asubuhi, saa moja na robo,
kikombe mkononi,
jua likapenya kati ya nyumba mbili
kama mtoto apitaye katikati ya watu wazima,
likanikalia magotini.

Dakika kumi na moja. Nilizihesabu;
mimi ni karani, kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Miaka sita nimelipa kodi ya jua hilo,
na miaka sita nimelipa kisogo.

Hapo nikaingiwa na tamaa.
Nini kingine nimekikalia vibaya?

Simu nikaihamishia ndani ya mkebe wa kakao,
ilale humo mpaka niwe nimemaliza chai.
Wale wa mkopo bado huandika "Mpendwa mteja,"
ila sasa wanauandikia mkebe.

Kazini, Barabara ya Likoni, kwenye bohari la vigae,
meza yangu ilitazama ukuta.
Nikamwomba Kerubo tuinue, yeye kule, mimi huku,
tukaigeuza ikatazama mlango.
Meneja akauliza ni nani ameidhinisha.
Nikamwambia: shingo.
Akacheka.
Sikujua kwamba ana pengo upande wa kushoto.

Na mlinzi. Hili naona haya kulisema.
Miaka mitatu nimeandika jina langu kitabuni mwake
kila asubuhi, na nambari ya kitambulisho;
angeweza kuitaja usingizini,
nami lake sikuwa nalo.
Juzi nikamgeuzia kalamu:
"Leo andika wewe."
Akaandika polepole, herufi moja moja, Ekidor,
akapiga mistari miwili chini yake
kama mtu anayefunga hesabu za mwaka.

Tusidanganyane. Kodi haikushuka.
Mdogo wangu Mwende bado anazungusha vyeti,
na mguu wa mama haukupona
eti kwa kuwa mimi nimegeuza meza.
Kuna jioni narudi nimechoka
hata kufuli la mlango wangu linanikataa.
Sikusema furaha imehamia kwangu na godoro lake.
Nasema hupita.
Nasema nimejua inapitia wapi, na saa ngapi,
na kwamba haidai makubwa,
ila inachoka kubisha kwenye migongo.

Jana Gitau, msimamizi wa nyumba,
alikuja na saruji katika sufuria kuukuu.
Akaziba, akapaka chokaa,
likabaki doa lenye umbo la sikio.
"Sasa rudisha kiti," akaniambia.
Nikamwambia pale nimeweka ndoo.
"Ndoo ya nini, na hapavuji?"
Nikakosa jibu.
Akashuka ngazi akiongea peke yake.

Leo ni Julai.
Mawingu yamelala juu ya mapaa kama blanketi la bweni,
na jua halikuja.
Nilikaa pale pale dakika zake kumi na moja,
chai ikinipasha vidole.
Mama wa dirisha la ng'ambo
alikuwa anaanika soksi za mtoto kwenye kamba,
bila tumaini la kukauka.
Akaniona namtazama.
Mikono yake ilikuwa imejaa vibanio,
basi akainua soksi moja,
ya kijani, imetoboka kidoleni,
akaipunga.